MARUDIO NI MALI YA NANI?
Somo la uchenjuaji wa dhahabu kwa vikundi vya wachimbaji wadogo, mkoa wa Singida

Ndugu msomaji, somo la robo hii linahusu uchenjuaji, yaani kazi ya kuitenganisha dhahabu na mwamba. Limeandaliwa kwa vikundi vya wachimbaji wadogo wa Iramba, Ikungi na Manyoni, na kwa akina mama wanaoponda na kuosha mawe. Lisomwe kwa pamoja kikundini, na mwenye kujua hesabu awasaidie wenzake. Mwisho wa somo yapo maswali ya kujadili.

Tulikotoka na tulipo

Dhahabu ya Singida si habari mpya. Machimbo ya Sekenke, wilayani Iramba, yalikuwa yakifanya kazi tangu enzi za Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Dhahabu ya huko ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zile zenye picha ya tembo, wakati njia za baharini zilipokuwa zimefungwa na vita. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2023, mgodi wa kampuni ya Shanta huko Mang'onyi, wilayani Ikungi, ulitoa dhahabu yake ya kwanza.

Leo mkoa wetu una mchimbaji wa sululu na karai, na una pia uchimbaji wa kiwanda. Wote wanatafuta madini yaleyale. Wengi hudhani tofauti yao ni ukubwa wa mashine tu. Ipo tofauti nyingine ambayo mnyonge anaweza kuipunguza: kiwanda hupima kila hatua, na sisi tulio wengi hatupimi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kompyuta inafanya nini mgodini?

Katika migodi mikubwa, kabla shimo halijachimbwa, wataalamu hutoboa ardhi kwa mitambo na kupeleka sampuli maabara. Majibu huingizwa katika kompyuta, nayo huchora umbo la mwamba chini ya ardhi: dhahabu imelala wapi, imeelekea wapi, na kila tani ina gramu ngapi.

Kwenye kiwanda cha kuchenjulia, mawe husagwa pamoja na maji mpaka yanakuwa tope laini. Vipimo vilivyofungwa kwenye mabomba na matangi husoma uzito wa tope, kiasi cha maji, hewa na dawa, na kompyuta huongeza au kupunguza inavyotakiwa. Mabaki nayo hupimwa. Kiwanda kikiona dhahabu inapita kwenda bwawa la mabaki, hutafuta sababu mara moja.

Mashine hizo ni za gharama kubwa. Lakini swali zinalojibu ni dogo: dhahabu iliyoingia ni kiasi gani, iliyotoka ni kiasi gani, na iliyobaki iko wapi? Swali hilo kikundi kinaweza kulijibu kwa mizani, daftari na simu yenye kikokotoo.

Hesabu ya kikundi kimoja

Tuchukue mfano, namba zake ni za kujifunzia. Kikundi kimepeleka kwenye karasha viroba 40 vya mawe, kila kimoja kilo 50. Jumla ni kilo 2,000, sawa na tani 2. Baada ya kusaga, kuosha na kukamatisha kwa zebaki, wamepata gramu 7. Wamefurahi, wamegawana, wameondoka. Marudio, yaani mchanga uliobaki, yamebaki kwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo yake, kama ilivyo desturi sehemu nyingi.

Sasa tuseme sampuli ya marudio hayo imepimwa maabara na kukutwa na gramu 6.5 kwa kila tani. Tani 2 mara gramu 6.5 ni gramu 13. Maana yake mawe yalikuwa na gramu 20, kikundi kimechukua gramu 7, ambayo ni asilimia 35, na gramu 13 zimebaki mwaloni. Mwenye mtambo wa sayanaidi akitoa asilimia 80 ya hizo 13, anapata gramu 10.4. Ndugu msomaji, linganisha: aliyeshuka kwenye duara kapata 7, na aliyepokea mchanga kapata zaidi ya 10.

Hatusemi mwenye mtambo ni mwizi. Ananunua dawa, chokaa, kaboni na umeme, na anabeba hasara marudio yakiwa maskini. Tunasema kwamba yeye hupima, na kikundi hakipimi. Anayejua kilichomo ndiye anayepanga bei.

Kwa nini zebaki huacha dhahabu nyingi?

Zebaki hukamata dhahabu inayogusana nayo. Punje iliyofungwa ndani ya jiwe haiguswi, na punje laini sana hupita na maji. Ndiyo sababu zebaki peke yake mara nyingi huacha zaidi ya nusu ya dhahabu kwenye marudio.

Tena zebaki ni sumu. Ikichomwa, mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini huingia mapafuni na kudhuru ubongo na figo. Mjamzito huupitisha kwa mtoto aliye tumboni. Mama anayechomea dhahabu jikoni, mtoto akiwa mgongoni, anawadhuru wawili kwa mara moja.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unataka mambo manne yakomeshwe: kumwaga zebaki kwenye mawe yote badala ya kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa, kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu mahali pa wazi, kuchomea katika maeneo ya makazi, na kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki kabla ya kuiondoa zebaki hiyo. Hili la nne wengi hawalijui. Sayanaidi huyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, na sumu hiyo husafiri na maji kwa urahisi zaidi.

Njia zilizo bora

1. Kusaga vizuri. Punje lazima itoke ndani ya jiwe kwanza. Saga sehemu ndogo ya mawe kwa unene tofauti, pima matokeo, kisha uchague unene unaofaa. Kila mwamba una tabia yake.

2. Kutumia uzito. Lita moja ya dhahabu ina uzito wa kilo 19 hivi, na lita moja ya jiwe jeupe la kwatzi haifiki kilo 3. Mtaro wenye zulia, au meza inayotikiswa kwa mota, hutumia tofauti hiyo kukusanya mchanga mzito bila dawa yoyote. Mchanga ukishakuwa mchache na tajiri, unaweza kuyeyushwa kwa boraksi. Wachimbaji wadogo wa Benguet, Ufilipino, wamefanya hivyo miaka mingi bila zebaki.

3. Ritoti. Ikiwa kikundi bado kinatumia zebaki, kisichome wazi. Ritoti ni chombo kilichofungwa chenye bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke hugeuka tena kuwa zebaki, na sehemu kubwa hurudi kutumika. Hata hivyo ichomewe nje, mbali na nyumba na watoto.

4. Sayanaidi na kaboni. Njia hii ilibuniwa Glasgow, Uskochi, mwaka 1887. Sayanaidi pamoja na hewa huyeyusha dhahabu, na siku hizi kaboni, ambayo aghalabu hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, huinyonya kutoka kwenye maji. Mwamba ukiifaa, hutoa zaidi ya asilimia 90. Lakini ni sumu inayoua haraka. Chokaa lazima itunze kipimo cha pH kwenye 10.5 hivi, kikishuka, hewa ya sumu hutoka. Kazi hii ni ya mtambo wenye kibali na mtaalamu. Isijaribiwe nyumbani.

Hatua tano za kuanzia

Kwanza, pimeni uzito wa mawe kabla ya kusaga, na mwandike. Pili, chukueni sampuli kwa haki: changanyeni lundo, ligaweni robo nne, ondoeni mbili zinazotazamana, rudieni mpaka ibaki kilo moja au mbili. Msichague jiwe linalong'aa. Sampuli moja inaweza kudanganya, hivyo chukueni kadhaa. Tatu, zipelekeni maabara. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma hupima. Nne, fanyeni hivyohivyo kwa marudio. Tano, kabla karasha halijawashwa, andikianeni na mwenye nalo: marudio ni ya nani, au yatagawanywa vipi.

Kikundi chenye daftari la miezi sita kina kitu cha kuonyesha kinapoomba mkopo au kinapotafuta mbia. Kinaweza pia kujumlisha nguvu na vikundi jirani na kwenda kujifunza kwenye vituo vya mfano vya STAMICO, vilivyojengwa Lwamgasa, Katente na Itumbi kwa ajili ya wachimbaji wadogo.

Maswali ya majadiliano

1. Mara ya mwisho tuliposaga, tulipeleka kilo ngapi na tulipata gramu ngapi?
2. Marudio yetu yalikwenda wapi, na nani aliamua?
3. Ni nani kati yetu anayechoma zebaki, na anachomea wapi?
4. Viroba 60 vya kilo 50 vimetoa gramu 9. Marudio yana gramu 5 kwa tani. Je, tumetoa asilimia ngapi? (Jibu: 37.5)
5. Nani atatunza daftari, na nani atamkagua?