Mashine Isemayo na Koko Asiyesema

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la toleo hili limetokana na swali lililoulizwa katika darasa letu la baada ya Isha hapa Mbarara. Ndugu mmoja anayesomea udaktari alikuwa amezisoma riwaya za kisayansi wakati wa likizo, zile za roboti na bongo za kutengenezwa. Akasema: "Programu ya akili bandia kwenye simu yangu inanijibu kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Inafariji, tena inaomba radhi. Wodini ninawaona wagonjwa wa kiharusi wasioweza hata kutaja majina yao. Sasa, nini hasa kinamfanya mtu awe mtu?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa ninamfikiria Koko.

Koko kwenye foleni

Koko si bibi yangu wa damu. Ni jirani yetu kambini Nakivale, mzee aliyekimbia kutoka Kongo kama sisi, na kwetu kila mzee wa umri wake ni koko. Mwaka jana alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na ulimi ukabakiwa na neno moja, "ndiyo", analolitumia kwa njaa, kwa maumivu na kwa furaha.

Mwaka 2018 wakimbizi nchini Uganda walihakikiwa upya kwa alama za vidole na kwa picha ya lile duara la rangi linalozunguka mboni ya jicho. Basi siku ya mgao tulimbeba Koko mpaka mbele ya mashine. Ikaliangalia jicho lake na kumtambua kwa muda mfupi tu. Haikukosea. Lakini haikuuliza kwa nini leo amebebwa. Aliyeuliza ni mama mmoja wa Kisomali nyuma yetu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Aliuliza kwa mikono, kisha akavua mtandio wake wa juu akamkinga Koko na jua.

Tuyaweke mambo hayo mawili pamoja, kutambuliwa na kujaliwa, kisha tuwasikilize waandishi.

Vipimo vya waandishi na wanasayansi

Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alipendekeza kipimo cha kujua kama mashine inaweza kufikiri. Mtu aandikiane na wawili asiowaona, mmoja mtu na mwingine mashine. Akishindwa kuwatofautisha, mashine imefaulu.

Mwaka 1968 mwandishi wa Marekani, Philip K. Dick, alitoa riwaya ambayo baadaye, mwaka 1982, ilizaa filamu ya *Blade Runner*. Ndani yake wamo viumbe wa kutengenezwa wanaofanana na watu kabisa. Anayewawinda huwauliza maswali ya kuamsha huruma huku chombo kikipima jinsi jicho na ngozi ya uso vinavyoitikia. Asiyeonesha huruma anahesabiwa kuwa si mtu, na anaondolewa duniani. Katika riwaya hiyohiyo wahusika wanaingiwa na hofu: vipi kuhusu wagonjwa wa akili ambao hisia zao zimefifia? Si watafeli kipimo, wauawe ilhali ni watu?

Hofu hiyo ndiyo faida kubwa ya riwaya hiyo kwetu. Vipimo vyote viwili humpima mtu kwa kile anachoweza kukionesha. Koko angeandikiana na mtu wa Turing, angeshindwa kwa neno lake moja, na simu ya ndugu yetu ingeshinda.

Sayansi ya ubongo inasemaje?

Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca aliuchunguza ubongo wa mgonjwa aliyefariki hospitalini karibu na Paris. Kwa miaka mingi mgonjwa huyo hakuweza kutamka ila silabi moja, "tan", lakini alielewa mengi aliyoambiwa na alijibu kwa ishara. Broca alikuta sehemu ya mbele, upande wa kushoto wa ubongo, imeharibika. Tangu hapo madaktari wanajua kwamba njia ya kutoa maneno inaweza kukatika huku mwenye maneno angali yumo ndani.

Mashine ni kinyume chake. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, nazo hukisia ni neno gani lifuate. Zinaposema "pole", hakuna aliyeumia wala aliyehuzunika. Kwa hiyo usemi peke yake hauwezi kuwa ndio utu. Unaweza kuwepo bila msemaji, na msemaji anaweza kuwepo bila usemi.

Wanazuoni wetu waliuliza mapema

Tusidhani kwamba swali hili limezaliwa Ulaya. Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy ibn Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu. Paa alipokufa, mtoto alikagua macho na masikio yake, akakuta hayana kasoro. Akapasua kifua mpaka moyoni, na chumba kimoja cha moyo akakikuta kitupu. Akatambua kwamba mama aliyempenda hakuwa ule mwili. Ni kile kilichokuwa humo na sasa kimeondoka.

Kabla yake Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika *Ihya* kwamba neno "moyo" lina maana mbili. Ya kwanza ni kipande cha nyama kilichomo kifuani, ambacho hata mnyama anacho. Ya pili ni kitu laifu cha kiroho, kisichoonekana, ambacho ndicho uhakika wa mwanadamu: ndicho kinachojua, kinachosemeshwa na kinachohesabiwa. Na kuhusu roho yenyewe, Qur'ani (17:85) imetufundisha adabu: ni katika mambo ya Mola wetu, na elimu tuliyopewa ni chache.

Misingi mitatu ya kushika

*Kwanza, heshima.* Katika Sura Al-Israa, aya ya 70, Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba amewatukuza wanadamu. Hawakupewa mtihani kwanza. Heshima hiyo anayo mtoto mchanga, mgonjwa wa akili, na mkimbizi asiye na karatasi hata moja.

*Pili, jukumu.* Akili ni sharti la kuwajibika, si sharti la kuwa mtu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka apate akili. Wanaondolewa hesabu, hawaondolewi utu. Na angalieni fiqhi inavyompokea mgonjwa mwenye akili zake: katika madhehebu ya Shafi'i, asiyeweza kusimama husali ameketi, kisha kwa kulala, kisha kwa kuashiria kichwa, hata kwa kope, na mwisho kwa moyo wake. Jicho la Koko ambalo kwa mashine ni kitambulisho, kwa Mola wake linaweza kuwa rukuu na sijda.

*Tatu, amana.* Katika Sura Al-Ahzab, aya ya 72, tunaambiwa kwamba mbingu, ardhi na milima viliogopa kuibeba amana, mwanadamu akaibeba. Mashine inaweza kuwa na nguvu kuliko sisi kama mlima ulivyo na nguvu kuliko sisi, lakini haitasimamishwa Siku ya Kiyama. Tutakaosimamishwa ni sisi tunaoitengeneza, tunaoimiliki na tunaoitumia.

Tufanye nini, sisi wanafunzi?

Mosi, usichukue dini kutoka kwa asiyehesabiwa. Programu hizi zinaweza kubuni hadithi ya Mtume na kuitajia vitabu kwa ufasaha mkubwa. Wanazuoni wa hadithi walimchunguza kila mpokezi uadilifu wake na uhifadhi wake. Mashine haina uadilifu wa kuchunguzwa. Itumie kutafutia, kisha rudi kwenye kitabu na kwa mwalimu.

Pili, usiikabidhi amana yako. Kazi ya darasani iliyoandikwa na mashine kwa jina lako ni ushahidi wa uongo. Sura Al-Israa, aya ya 36, inatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Tatu, usitosheke kumtambua mtu. Mashine imetushinda katika kutambua. Iliyobaki ni kazi ya yule mama wa Kisomali: kuuliza kwa nini leo amebebwa. Ndugu yetu wa udaktari sasa anapoingia wodini huwatolea salamu wagonjwa wasiosema, kisha husubiri kidogo, kwa sababu jibu laweza kuja kwa kope.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilimuuliza Koko, "Koko, unanikumbuka?" Akanishika mkono kwa ule wa kushoto, akasema, "Ndiyo."

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Kuna tofauti gani kati ya heshima ya mwanadamu na jukumu lake mbele ya sheria?
2. Mashine ikimkosesha mtu haki yake, nani ataulizwa?
3. Ni mgonjwa gani jirani yako ambaye watu wameacha kumsemesha kwa kuwa hajibu?

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na moyo wenye huruma, na awaponye wagonjwa wetu. Amin. Wallahu a'lam.