Windows au Linux? Kwanza tuutazame mzani

Wiki hii tunaziacha kidogo bei za pamba na dhahabu, tuzungumzie chombo cha kuwekea hesabu zake. Mfanyabiashara wa Kahama au Katoro anayetaka kuingiza vitabu vyake kwenye kompyuta hukutana mapema na ubishi wa mafundi: Windows au Linux? Hiyo ndiyo mifumo ya uendeshaji, yaani programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Ubishi huo umepata moto mpya tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mashine nyingi za mtumba hazina sifa za kupokea Windows 11, hivyo mwenye duka anatakiwa kuamua: anunue mashine mpya, au abadili mfumo?

Ndugu msomaji, kabla ya kumsikiliza fundi yeyote, uliza amepimaje. Katika soko la madini la Geita, lililozinduliwa mwaka 2019, hakuna anayekubali dhahabu yake ikadiriwe kwa macho wakati ya mwenzake imepandishwa mzanini. Kwenye kompyuta tunakubali hivyo kila siku. Fundi hukuonyesha Windows 11 kwenye mashine mpya, kisha Windows 10 iliyojaa takataka za miaka 6, na kukuambia uone tofauti ya kasi. Tofauti uliyoiona ni ya mashine. Wa Linux naye huusimika mfumo wake upya kwenye kompyuta kuukuu na kuulinganisha na Windows ambayo haijasafishwa tangu inunuliwe. Hila ni ile ile.

Iko hila nyingine isiyoonekana upesi, nayo wachimbaji wanaijua vizuri: sampuli. Ukiokota mbale tupu juu ya kiroba ukapeleka kupimwa, majibu yatakuwa ya kweli kabisa, ila hayatakuwa majibu ya kiroba kizima.

Mfano wake mkubwa ulitokea Aprili 1999. Kampuni ya Marekani iitwayo Mindcraft ilitangaza kwamba Windows NT ilikuwa na kasi mara 2.5 ya Linux katika kugawa mafaili, na mara 3.7 katika kuhudumia kurasa za intaneti. Kelele zikazuka, kwa sababu aliyelipia upimaji huo ni Microsoft yenyewe, na wapenzi wa Linux wakadai mfumo wao haukutengenezwa vema kabla ya kupimwa. Kipimo kikarudiwa, safari hii wataalamu wa Linux wakishiriki. NT ikaongoza tena. Udhaifu ulikuwepo kweli, na watengenezaji wa Linux wakaushughulikia katika toleo la 2.4 lililotoka Januari 2001.

Basi Mindcraft walisema kweli? Walisema kweli kuhusu mashine kubwa yenye prosesa 4 na kadi 4 za mtandao, iliyobebeshwa mzigo mzito. Mwenye duka la vipuri Shinyanga hakuwa na mashine ya namna hiyo mwaka ule, wala haihitaji leo. Kosa lilikuwa kwa waliolichukua jibu la kazi ile wakalifanya jibu la kila kazi.

Upande wa Linux nao una hesabu zake za kupinda. Husema "ni bure" na kuishia hapo. Wengine huhesabu taarifa za kasoro za usalama kwa idadi tu, wakati taarifa za Linux mara nyingi hujumuisha maelfu ya programu zinazogawiwa pamoja na mfumo, na za Windows huhusu mfumo wenyewe na vichache vilivyomo. Ni sawa na kupima mchele wa huyu na gunia lake, wa yule bila gunia. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na baadaye Microsoft ikaivika Windows XP Kiswahili, kila upande ulijisifu kwa lugha. Karani wetu, tuseme kweli, alikwisha kuzoea kubonyeza "Save".

Sasa tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Leseni ya Windows tuseme Sh 400,000, na fundi wa mjini Sh 60,000 kwa mwaka. Kwa miaka 5 jumla ni Sh 700,000. Linux haina leseni, lakini fundi anatoka Mwanza, nauli na ujira Sh 100,000 kwa mwaka: Sh 500,000. Je, duka linatumia Tally? Programu hiyo ya hesabu kutoka India imeundwa kwa Windows. Kuhamisha vitabu kwenda programu nyingine na kumfundisha karani tuseme Sh 300,000. Linux imefika Sh 800,000, imeshindwa. Lakini ofisi ya wakala inayoandika barua na kutuma barua pepe tu, ambako mafunzo ni Sh 50,000, itatumia Sh 550,000. Bei hazikubadilika, kazi ndiyo iliyobadilika. Na kama mashine ilikuja na leseni yake halali, Sh 400,000 ile ifute, kwa sababu haiko kwenye uamuzi wako tena.

Atakaye kupima mwenyewe aazime kompyuta mbili za aina moja, asimike mifumo yote miwili upya, kisha aingize risiti za mwezi mmoja wa duka lake. Karani awe yule yule. Kwa kuwa huenda amekulia kwenye Windows, ampe wiki mbili za kuzoea Linux kabla ya kushika saa. Azime umeme katikati ya kazi, makusudi, kwenye zote mbili, aone kilichosalia. Mwisho achape ankara kwa printa ya dukani, si ya fundi, maana hapo ndipo majaribio mengi hukwama.