Nanga yangu inaburutika usiku

SWALI: Mtaalamu, navua katika ziwa Tshangalele. Nikitia nanga kwa kamba tupu, upepo ukivuma boti husogea hadi kwenye matete. Nifanyeje?
Mvuvi, Likasi

JIBU: Ndugu mvuvi, ziwa lenu lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, maji yake si marefu na chini kuna tope. Nanga hushika ikivutwa kwa ulalo, bali ikivutwa kwenda juu hung'oka. Ndiyo maana mnyororo unahitajika: uzito wake huilaza shingo ya nanga ikazama topeni. Kamba ya nailoni nayo hunyumbuka, ikapunguza mishtuko ya mawimbi.

Funga mnyororo wa mita 4 au 5 kwenye nanga, kisha kamba. Pale inapoungana na mnyororo, tia pete ya chuma ndani ya kitanzi isisagike. Pima kina pamoja na kimo cha omo, uzidishe kwa 7: maji mita 3 na omo nusu mita, jumla toa karibu mita 25.

Funga omoni, kamwe usifunge tezini. Wimbi likiingia kwa nyuma, boti huzama. Kagua kamba kila wiki, na iliyochakaa ibadilishe mapema.