Hofu ya Sindano Isemwe Mapema: Kijitabu cha Familia za Mashuuru Zinazojiandaa kwa Upasuaji

Upasuaji unapoahirishwa, sababu zinazotajwa nyumbani huwa ni zile zile: nauli ya kutoka Mashuuru hadi Kajiado mjini, ng'ombe hawana wa kuwachunga, mvua imeharibu barabara. Nyingi ni za kweli. Lakini kuna nyakati ambapo kinachomzuia mtu ni sindano, naye hawezi kulitamka hilo mbele ya mkwe wala mbele ya mwanawe. Kijitabu hiki kina hoja moja. Hofu ya sindano ni jambo la mwili, nalo linaweza kuandaliwa. Kinachoifanya iwe hatari ni kufichwa. Ikisemwa wiki moja kabla, nyumbani na kituoni, karibu kila mara njia ya kuipita hupatikana. Ikifichwa hadi asubuhi ya upasuaji, njia nyingi huwa zimeshafungwa.

Mtu anayemwona nyoka moyo humwenda mbio, presha hupanda, miguu hupata nguvu za kukimbia. Kwa baadhi ya wanaoogopa sindano na damu, mambo huanza vivyo hivyo kisha hugeuka ghafla: moyo hupunguza mwendo, mishipa hulegea, presha hushuka, na damu hupungua kichwani. Jasho baridi humtoka, masikio huvuma, macho huingia giza, naye huanguka. Hakuna anayechagua hali hiyo, kama vile hakuna anayechagua kupiga chafya. Mara nyingi hupatikana ndani ya ukoo mmoja, kwa hiyo ikiwa mama huzimia akitolewa damu, watoto wake nao waulizwe. Wala wenye hofu hii si wachache. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kati ya vijana 100 waliokwisha kuwa watu wazima, 20 hadi 30 huogopa sindano. Kwa kadiri umri unavyosonga hofu hupungua, lakini kuna wanaozeeka nayo.

Wapo watakaosema kwamba mwanamume aliyetahiriwa bila kupepesa jicho hawezi kuogopa kitu chembamba kama sindano, na kwamba kuizungumzia hofu ni kuilea. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu ujasiri wa siku ya tohara ni wa kweli. Lakini tazama jinsi siku ile inavyoandaliwa. Kijana anajua kitakachofanyika, amezungukwa na watu wake, na ameambiwa waziwazi tangu mapema kwamba itauma. Mgonjwa wa upasuaji mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo: amelala chali, hajala tangu jana, hajui atadungwa mara ngapi, na mtu asiyemfahamu anamwambia tu asijali. Mila yenyewe, basi, inatufundisha kwamba binadamu huvumilia anapoandaliwa. Na kuzimia hakupimi ujasiri. Kwenye uchangiaji wa damu, wanaozimia zaidi ni vijana na wale wanaochangia kwa mara ya kwanza, watu wenye afya waliokuja kwa hiari yao.

Hapa Kajiado jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya macho. Trakoma, ambayo wengine huiita vikope, imekaa muda mrefu katika maeneo ya wafugaji. Uchunguzi wa mwaka 2004 katika wilaya 6 za Kenya uliihusisha Kajiado. Bakteria wake huenezwa na vidole, na nguo za kufutia uso, na nzi wanaotua kwenye macho ya watoto. Maambukizi yakijirudia kwa miaka mingi, kope hufanya kovu kwa ndani, kovu huuvuta ukingo wake, na nywele hugeukia jichoni na kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake huathirika zaidi kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto wadogo. Kovu hilo halina dawa ya kumeza. Linalorekebisha ni upasuaji mdogo wa kuugeuza ukingo wa kope urudi nje, na upasuaji huo huanza kwa sindano ya ganzi kwenye kope, mahali ambapo hata asiyeogopa sindano husita.

Anayejua hatua kwa hatua huogopa kidogo kuliko anayebuni mwenyewe. Kwanza jicho hutiwa matone ya ganzi. Kisha sindano nyembamba hupitishwa chini ya ngozi ya kope, si ndani ya jicho, na dawa, kwa kawaida lignokeini, huchoma kama pilipili kwa sekunde chache. Ikiingizwa polepole haichomi sana, na mgonjwa ana haki ya kuliomba hilo. Baada ya hapo atahisi kuguswa na kuvutwa, bila maumivu makali. Akihisi maumivu, aseme, ganzi iongezwe. Kabla ya mwaka 1884, daktari Carl Koller alipoonyesha huko Vienna kwamba jicho linaweza kutiwa ganzi, watu walishikwa wakapasuliwa macho hivyo hivyo. Ganzi, ambayo leo huja na sindano hii inayoogopwa, ndiyo iliyoyaondoa yale maumivu.

Je, si afadhali kung'oa nywele hizo kwa kibano, kama wengi wanavyofanya nyumbani? Hapa ushahidi hauko upande mmoja. Jaribio kubwa lililofanywa Ethiopia, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011, liliwalinganisha watu wenye nywele chache tu zilizogeukia ndani. Waliong'oa nywele zao, wakiwa wamepewa vibano vizuri na kufundishwa, walipata nywele zinazorudi mara nyingi kuliko waliopasuliwa, lakini kwa miaka miwili uwezo wao wa kuona haukuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mwenye nywele chache anayeogopa sana aseme, na mhudumu wa macho anaweza kumpa njia hiyo huku akimfuatilia. Mwenye nywele nyingi, au aliyeanza kupata doa jeupe kwenye kioo cha jicho, hana nafasi hiyo. Kila mwezi wa kungoja unaweza kumpunguzia kuona, na kilichopotea hakirudi. Tazama lakini: anayeficha hofu hapati hata ile njia ya kibano kwa usahihi wake. Anabaki na kibano butu kinachokata nywele katikati na kuacha visiki vinavyochoma zaidi.

Kwa mwenye historia ya kuzimia, kuna zoezi lililobuniwa Uswidi na mwanasaikolojia Lars-Göran Öst na wenzake katika miaka ya 1980, nalo halihitaji kifaa chochote. Mtu huketi, hukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa pamoja kwa sekunde 10 hadi 15, hadi ahisi joto usoni. Kisha hulegeza kwa sekunde 20 au 30 bila kulala, na kurudia mara tano. Lengo ni kuizuia presha isishuke. Lifanywe nyumbani kila siku kwa wiki nzima kabla ya upasuaji, kisha lifanywe tena wakati wa kudungwa, mkono unaodungwa ukiachwa umelegea. Wengi huambiwa wapumue taratibu na kulegeza mwili; ushauri huo unamfaa mwenye woga asiyezimia, lakini kwa anayezimia unaweza kuishusha presha zaidi. Mjamzito, mwenye presha ya juu au mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza. Na wote wenye historia ya kuzimia wadungwe wakiwa wamelala. Kuna pia krimu ya ganzi ya kupakwa kwenye ngozi. Huchukua kama saa nzima kufanya kazi, kwa hiyo ni lazima kuiulizia mapema, maana si kila kituo kinayo.

Mama anayeandaliwa kujifungua kwa upasuaji hukutana na sindano ya mgongo, na uvumi kwamba itamwachia maumivu ya mgongo maisha yake yote umeenea hadi Kitengela. Sindano hiyo huingizwa chini ya mahali unapoishia ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo. Maumivu ya mgongo baada ya uzazi huwapata pia wengi ambao hawakudungwa, kwa sababu ujauzito wenyewe huulemea mgongo, na tafiti zilizowalinganisha akina mama waliodungwa mgongoni wakati wa uchungu na wasiodungwa hazikuona tofauti ya kudumu. Kinachoweza kutokea ni maumivu ya kichwa siku chache baadaye, hasa mtu akiketi au kusimama, na hayo yana tiba. Mama aambiwe yote mawili. Akifichwa la kichwa, hataamini la mgongo.

Kwa watoto, mengi huharibikia nyumbani. Ile kauli ya "nyamaza au daktari akudunge" humfundisha mtoto kwamba sindano ni adhabu, kisha siku ya upasuaji tunamtaka aipokee kama msaada. Iachwe kabisa. Asiambiwe haitauma; aambiwe itauma kidogo na itaisha upesi, kisha akae mapajani akiwa wima, ameshikwa vizuri na mzazi, badala ya kulazwa na kubanwa na watu wanne. Anayenyonya anyonyeshwe wakati wa chanjo na vipimo. Kabla ya upasuaji, saa ya mwisho ya kunyonya ifuatwe kama alivyosema mtoa ganzi. Mtoa ganzi anaweza pia kumlaza kwa gesi ya barakoa kwanza, na mshipa utafutwe akiwa usingizini.

Wahudumu nao wana hoja yao: foleni ni ndefu, hakuna muda wa kumbembeleza mtu mzima. Ni kweli foleni ni ndefu. Lakini mgonjwa anayeanguka sakafuni, au anayetoroka akiwa tayari kwenye orodha, hula muda mwingi zaidi na huacha nafasi ambayo mwingine angepasuliwa. Dakika mbili za kuuliza "Umewahi kuzimia ukidungwa?" zinatosha. Hata kabla ya hapo, mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita manyatta anaweza kuuliza swali hilo hilo faraghani, kwa Kimaasai, mzee asiulizwe mbele ya wanawe. Mgonjwa naye anaweza kuomba pakiti ya sindano ichanwe mbele ya macho yake. Hilo si kumtilia mhudumu shaka, na linamaliza hofu ya sindano iliyotumika. Jibu la swali la kuzimia liandikwe juu kabisa kwenye daftari la mgonjwa, kwa maneno ya kawaida: huzimia akidungwa, alazwe kwanza, aambiwe kabla ya kuguswa. Daftari hilo liende naye kutoka Mashuuru hadi atakakopasuliwa, pamoja na ndugu mmoja anayejua kilichoandikwa humo.