Mwasho sugu sehemu za siri: Si kila mara ni ugonjwa wa zinaa

Alinijia mwanamume wa makamo, dereva wa matatu, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuketi. "Daktari," akanong'ona, "huu ni mwezi wa saba najikuna. Mke wangu amerudi kwao. Anasema nimemletea ugonjwa wa nje."

Alikuwa amedungwa sindano za kisonono mara mbili bila kupimwa, na mfukoni alikuwa na tyubu tatu za krimu kutoka duka la dawa. Nilipomchunguza na kumpima, sikupata ugonjwa wa zinaa. Alikuwa na ukurutu.

Ukurutu ni nini?

Ni mchochota wa ngozi unaoleta mwasho mkali, magamba na pengine mipasuko. Kwa ngozi yetu nyeusi, mahali penyewe huonekana pameiva weusi kuliko kuwa pekundu. Hauambukizi, wala hauletwi na uzinzi. Walio na pumu, au waliougua ukurutu utotoni, huupata kwa urahisi zaidi. Ngozi ya sehemu za siri ni nyororo, ina joto na jasho, na husuguliwa na nguo kutwa.

Mbona hauponi?

Kwanza, ni usafi uliopita kiasi. Mgonjwa hudhani ni uchafu, basi hujisugua kwa sabuni ya manukato au maji yaliyotiwa dawa ya kuua viini. Ngozi hukauka na kuzidi kuwasha.

Pili, ni kujikuna. Ngozi inayokunwa huwa nene, na ngozi nene huwasha zaidi. Wengi hujikuna usingizini bila kujua.

Tatu, ni zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali, dawa ya kuvu na antibiotiki katika tyubu moja. Hutuliza kwa siku chache, kisha mwasho hurudi. Zikitumiwa kwa muda mrefu, ngozi hukonda na kupata michirizi. Na kama kumbe ni kuvu, steroidi huificha huku ikienea.

La kufanya

• Acha sabuni sehemu hizo. Osha kwa maji vuguvugu mara moja kwa siku, ukaushe kwa kugusa taratibu bila kusugua. Wanawake wasioshe ndani ya uke.

• Paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato mara kadhaa kwa siku, hata baada ya mwasho kutulia. Kumbuka kwamba mafuta huharibu kondomu za mpira.

• Vaa chupi za pamba zisizobana, na uzisuuze vizuri sabuni ya unga itoke yote.

• Kata kucha. Daktari aweza kukupa kidonge cha mzio cha usiku ili ulale.

• Haidrokotisoni ya asilimia 1, ikipakwa kidogo mara moja au mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili, huwatosha wengi. Ngozi iliyokwisha kuwa nene yaweza kuhitaji dawa kali zaidi, lakini kwa muda mfupi na chini ya uangalizi wa daktari.

Muone daktari upesi

Ukiona kidonda, malengelenge, usaha au uchafu unaotoka, pimwa. Kama jamaa wa nyumbani nao wanajikuna usiku, huenda ni upele. Kuvu inayorudi kila mara yataka kupimwa kisukari. Madoa meupe, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, au mahali pasipopona baada ya mwezi wa matibabu, huenda pakahitaji kukatwa kipande kidogo cha ngozi kikapimwe.

Yule dereva nilimwomba aje na mkewe. Walikuja pamoja, nikawaeleza wote wawili haya niliyokueleza wewe, msomaji. Ngozi yake ilichukua wiki sita kutulia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami naongeza kwamba hata kupona haponi.