Karakana ya Nyumbani: Anza na Kinachoshika

Mtu akipata kibanda cha uani au kanafasi pembeni mwa gari na kuamua kuanzisha karakana yake ndogo, pesa ya kwanza huishia kwenye grainda. Ya pili, drili. Baada ya hapo utamkuta kachuchumaa, kakanyaga bomba kwa kandambili, na mikononi ana mashine inayozunguka mara 11,000 kwa dakika. Mashine anayo, cha kushikia kazi hana. Ukiniuliza kifaa chenye thamani kuliko vyote karakanani, sitataja chochote chenye waya wa umeme. Nitataja jiriwa, lile dude zito la chuma linalofungwa ukingoni mwa meza na kubana kazi kati ya taya mbili.

Kwa matumizi ya nyumbani, taya zenye upana wa milimita 100, yaani inchi 4, zinatosha. Jiriwa nyingi hutengenezwa kwa chuma cha kumimina kwenye kalibu, ambacho hakipindi, kikizidiwa hupasuka. Kwa hiyo ukinunua ya mtumba, tafuta kwanza alama za kuchomelewa, hasa kwenye kitako na karibu na skrubu kubwa ya katikati. Rangi mbichi kwenye jiriwa kuukuu ikutie shaka. Kisha ifungue hadi nusu, shika taya inayotembea, uitikise. Kucheza kidogo ni kawaida, ila ikiinuka na kuyumba kama jino bovu, iache hapo hapo. Mwisho, bana vipande viwili vya karatasi, kimoja kila upande wa taya, uvute. Kimoja kikichomoka na kingine kikang'ang'ania, taya hazilingani. Ukikutana na mojawapo ya zile kongwe za chapa ya Record zilizotengenezwa Sheffield, Uingereza, na ikafaulu majaribio haya, usiikimbie kwa sababu ya kutu ya juu juu.

Kuifunga nako kuna utaratibu wake. Iweke juu ya mguu wa meza, si katikati ambako ubao unanesa, na utumie bolti zenye washa pana, si skrubu za mbao. Taya isiyosogea itokeze kidogo nje ya ukingo, ili kipande kirefu kiweze kusimama wima bila kugonga meza. Juu ya taya pawe sawa na kiwiko chako ukiwa umesimama na kukunja mkono. Ikiwa chini zaidi, mgongo utakudai jioni. Meza nyepesi itembeayo inatibika: pigilia ubao chini, katikati ya miguu, upakie viroba vya mchanga. Kaza kwa nguvu za mkono tu. Anayechomeka bomba kwenye mpini wa jiriwa ili aongeze nguvu, au anayeugonga kwa nyundo, anaiandalia ufa. Na kwa kazi laini, kama shaba au bomba lenye nyuzi, weka vipande viwili vya mbao au aluminiamu kati ya taya na kazi.

Jiriwa ikishafungwa, vifaa vya bei ndogo vinaanza kufanya mambo makubwa. Msumeno wa chuma, kwa mfano. Bledi yake ya milimita 300 huandikwa idadi ya meno kwa inchi: 18, 24 au 32. Kanuni ni kwamba wakati wote angalau meno matatu yawe yameuma chuma. Bati na bomba jembamba vinataka 32. Nondo nene inataka 18. Meno yaelekee mbele, mbali nawe, na ukate karibu na taya. Chuma kikipiga kelele ya kukera masikio, kimetokeza mno, kisogeze.

Halafu tupa. Watu wanaidharau kwa sababu iko kimya na haina haraka, lakini ndiyo inayoondoa ncha kali iliyobaki baada ya kukata, ndiyo inayofanya bawaba iliyogoma iingie mahali pake. Usiitumie bila mpini: ile ncha ya nyuma huingia kiganjani siku tupa inapokwama ghafla. Inakata ikisukumwa, hivyo iinue unapoirudisha. Ukiipaka chaki ya kawaida ya ubaoni, vumbi la chuma halitaganda kwenye meno. Na zisirundikwe pamoja kwenye droo, maana tupa huua tupa.

Kwenye spana, usishawishike na sanduku la vipande mia linalong'aa. Gari la Kijapani, ambalo ndilo lililojaa barabara za Tanzania, Kenya na Uganda, huhitaji zaidi namba 8, 10, 12, 14 na 17, pamoja na 21 kwa nati za magurudumu ya Toyota nyingi. Namba 13 na 19 utazihitaji zaidi kwenye gari la Ulaya. Nunua hizo chache zilizo imara, moja moja, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi. Namba 10 nunua mbili; itapotea. Spana malaya, samahani kwa jina, iwe ya dharura, na unapoivuta hakikisha nguvu inaelemea taya isiyosogea. Kama una pikipiki ya Kijapani, chunguza skrubu zake kabla ya kuzigusa: yenye kanukta kadogo pembeni mwa msalaba imetengenezwa kwa kipimo cha Japani, na bisibisi ya kawaida ya nyota huteleza ndani yake na kuula msalaba wote.

Sheria ya kushika inakuwa ya uhai na kifo ukihamia chini ya gari. Jeki kazi yake ni kunyanyua. Kazi ya kushikilia ni ya stendi. Oili ya jeki huvuja, au jeki yenyewe huinama, bila kutoa taarifa. Matofali ya saruji ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa hupasuka mara moja, na uzito wote hushuka. Weka stendi mbili mahali tambarare na pagumu. Kwenye mchanga au udongo, tanguliza ubao mnene au bamba la chuma chini yake. Legeza nati za gurudumu kabla hujanyanyua. Zuia kwa kabari magurudumu yanayobaki chini, hasa ukinyanyua nyuma, kwa sababu breki ya mkono ya magari mengi hukamata magurudumu ya nyuma tu, na hayo sasa yako hewani. Kisha sukuma gari kwa bega kabla ya kuingia. Likitikisika, rudia.

Sasa grainda, kama bado unaitaka. Ya diski ya milimita 115 inatosha nyumbani. Kosa linaloumiza watu ni kung'oa kinga ili diski kubwa ya 230 ienee. Diski hiyo kwa kawaida imeandikwa mwisho wa mizunguko 6,650 kwa dakika, na mashine ndogo huizungusha 11,000; ikipasuka, vipande vinakuja usoni. Soma pia pete ya chuma katikati ya diski, ambapo tarehe ya mwisho wa matumizi hupigwa chapa. Iliyolowa maji itupe. Diski ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu. Miwani iwe ya kinga, si ya jua, na cheche zielekee mbali na petroli na mtungi wa gesi. Kazi ikiwa imebanwa kwenye jiriwa, mikono yako yote miwili inabaki kwenye mashine, na hapo nusu ya hatari imeondoka.

Kuhusu mashine za mtumba, pindua mashine uangalie volti kwenye kibati chake kabla ya kuuliza bei. Japani hutumia volti 100 na Marekani 120, wakati soketi yako ya Dar es Salaam inatoa 230 na ya Nairobi 240. Drili ya Kijapani ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Kama umeipenda kweli, hesabu na gharama ya transfoma ya kushushia umeme, ndipo uanze kubishana na muuzaji.