Risasi Moja, Maana Tatu: Istilahi za Kiswahili katika Ulinganishi wa Risasi za Uwindaji

Utangulizi

Neno risasi lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu. Katika Kiswahili neno hilo limebeba madini hayo, kipande kinachoruka kutoka katika bunduki, na pia kifaa kizima chenye ganda, baruti na kipande chenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, muktadha hutosha kuondoa utata. Katika sayansi hautoshi. Makala haya yanadhihirisha jambo hilo kwa kulinganisha risasi tatu za uwindaji zilizowahi kutumiwa katika nyanda za Uasin Gishu.

Bunduki tatu za mwaka 1909

Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka katika urais wa Marekani mapema mwaka 1909, alifika Uasin Gishu mwishoni mwa mwaka huo. Mji wa Eldoret ulikuwa bado haujaanzishwa; posta iliyokuja kuwa chanzo chake ilifunguliwa mwaka 1910 katika Shamba nambari 64, ndiyo maana wenyeji waliuita Sisibo. Miongoni mwa silaha za Roosevelt zilikuwamo Springfield ya inchi 0.30, Winchester ya inchi 0.405, na bunduki nzito ya mitutu miwili iliyoundwa na Holland & Holland.

Kichwa cha risasi ya Springfield kilikuwa na tungamo la gramu 9.7 hivi, nacho kilitoka katika mdomo wa mtutu kwa kasi ya takriban mita 823 kwa sekunde. Cha Winchester kilikuwa na gramu 19.4 na kasi ya mita 670. Cha Holland kilikuwa na gramu 31.1 na kasi ya mita 663.

Ni ipi yenye "nguvu"?

Msemaji wa kawaida atauliza ni risasi ipi yenye nguvu zaidi. Swali hilo halina jibu moja, kwa kuwa neno nguvu linafunika dhana kadhaa.

Dhana ya kwanza ni nishati ya mwendo, yaani nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Kwenye mdomo wa mtutu, Springfield ilikuwa na jouli 3,290 hivi, Winchester 4,360, na Holland zaidi ya 6,800. Kwa kipimo hiki, Springfield ni ya mwisho.

Dhana ya pili ni tao, yaani njia ya risasi inavyopinda kuelekea ardhini kwa kuvutwa na dunia. Hata tukiiacha hewa kando, kichwa cha Springfield kikifika mita 300 kitakuwa kimeshuka sentimita 65 hivi. Vile vingine viwili vitakuwa vimeshuka karibu mita nzima. Kwa kipimo hiki, Springfield ni ya kwanza.

Dhana ya tatu ni ukinzani wa hewa. Kichwa chenye ncha kali hupasua hewa kwa urahisi, ilhali kichwa butu hupoteza kasi upesi. Kwa hiyo hewa huzidisha tofauti za tao, na ubora wa nishati wa Winchester dhidi ya Springfield hupungua kadiri masafa yanavyoongezeka. Mahali nako kuna athari: Eldoret iko kwenye kimo cha takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na msongamano wa hewa yake ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Risasi ileile ikifyatuliwa katika miji hii miwili, ya Eldoret itadumisha kasi yake zaidi.

Hivyo bunduki nzito ilifaa kwa tembo au kifaru aliye karibu, na ile nyepesi ikafaa kwa kongoni aliye mbali uwandani.

Umuhimu wa istilahi

Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, lakini suala la istilahi halikumalizika hapo. Chukua mfano wa askari wa wanyamapori anayetoa ushahidi kwa Kiswahili katika kesi ya ujangili, akisema: "Risasi iliokotwa chini ya mti." Ikiwa ni ganda, huenda mti huo ndipo aliposimama mfyatuaji. Ikiwa ni kichwa, mti huo ndipo risasi ilipokomea. Ikiwa ni risasi kamili, pengine haikufyatuliwa kabisa. Sentensi moja imezaa visa vitatu, na uhuru wa mshtakiwa unaning'inia hapo.

Hitimisho

Ulinganishi huu umefanywa kwa maneno ambayo tayari yapo: ganda, kichwa, mtutu, tungamo, kasi, nishati, tao, ukinzani. Hakuna hata moja lililobuniwa kwa ajili ya makala haya. Upungufu basi haumo katika msamiati wa Kiswahili, bali katika mazoea ya kuliachia neno moja kazi ya maneno matatu. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa kuyazoesha maneno haya darasani, ili yawe tayari yanapohitajika maabarani na mahakamani.